Kocha Eddie Robinson wa Grambling: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Eddie Robinson alikuwa nani?

Eddie Gay Robinson alikuwa kocha wa mpira wa Kimarekani katika chuo cha Grambling, kaskazini mwa jimbo la Louisiana, kuanzia mwaka 1941 hadi 1997. Alizaliwa tarehe 13 Februari 1919 katika mji mdogo wa Jackson, Louisiana. Baba yake alilima shamba la mtu mwingine kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi, na mama yake alifanya kazi za ndani katika nyumba za watu. Alikulia Baton Rouge, akacheza mpira katika chuo kidogo cha Leland, na alipofikisha umri wa miaka 22 akakabidhiwa kazi ambayo hakuiacha mpaka alipostaafu akiwa na miaka 78. Alifariki tarehe 3 Aprili 2007 mjini Ruston, kilomita chache tu kutoka uwanja wake wa kazi.

Chini ya uongozi wake Grambling ilishinda michezo 408, ikapoteza 165 na kutoka sare 15. Watu wengi huanzia kwenye 408 na kuishia hapohapo, jambo ambalo kwa maoni yangu ni hasara, kwa sababu idadi hiyo haisemi ilivyopatikana. Robinson alifanya kazi katika nchi ambayo vyuo vikubwa vya kusini havikumruhusu kijana Mweusi kuvaa jezi zao, kwa hiyo vijana hao walimjia yeye. Vyuo hivyo vilipofungua milango, vijana walikwenda huko. Maisha yake ya kazi yamelala kati ya mambo hayo mawili.

Mpira wa Kimarekani ni mchezo gani, kwa msomaji asiyeufahamu?

Ni mchezo wa wachezaji 11 kila upande, wanaotumia mpira wenye umbo la yai kwenye uwanja wa yadi 100. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele angalau yadi kumi. Ikifaulu huhesabiwa upya, ikishindwa humwachia mpinzani mpira. Kuufikisha mpira katika eneo la mwisho la mpinzani huleta pointi sita. Mchezaji muhimu kuliko wote katika mashambulizi ni kwotabeki, ambaye hupokea mpira mwanzoni mwa kila mchezo mdogo na kuamua kama atamkabidhi mwenzake, atautupa mbali au atakimbia nao. Jina hilo, kwotabeki, lishikwe, kwa maana litarudi mbele kwa uzito mkubwa.

Jambo jingine la kuelewa ni kwamba nchini Marekani mpira wa vyuo si mazoezi ya jioni ya wanafunzi. Ndiko timu za kulipwa za ligi ya NFL zinakochukua wachezaji wake, na kocha wa chuo anaweza kuwa mtu mashuhuri katika jimbo kuliko gavana.

Robinson alipataje kazi Grambling?

Mwaka 1941, baada ya kuhitimu Leland, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha kusaga chakula cha mifugo huko Baton Rouge kwa senti 25 kwa saa. Alikuwa ametoka kumwoa Doris Mott, na hakukuwa na shule iliyomhitaji kocha kijana Mweusi asiye na uzoefu. Kupitia jamaa wa upande wa mkewe akasikia kwamba chuo cha watu Weusi huko kaskazini mwa jimbo kinatafuta mtu. Rais wa chuo hicho, Ralph Waldo Emerson Jones, ambaye mwenyewe alikuwa pia kocha wa timu ya besiboli, alimwajiri kwa mshahara wa dola 63.75 kwa mwezi.

Chuo chenyewe wakati huo hakikuitwa Grambling rasmi. Kilikuwa na jina refu lililotaja ualimu na ufundi wa watu Weusi wa Louisiana, kikawa Grambling College mwaka 1946 na Grambling State University mwaka 1974. Simulizi moja hupendwa sana na wenyeji: eti jina lilibadilishwa kwa sababu mashabiki walikuwa hawajamaliza kulitamka la zamani katika wimbo wa kushangilia na tayari mpinzani ameshafunga. Sina haja ya kuithibitisha, ila anayelijua jina la zamani ataelewa kwa nini watu wanaicheka.

Katika miaka ya mwanzo kocha alifanya kazi gani hasa?

Alifanya karibu kila kitu. Alikata nyasi za uwanja, akachora mistari kwa chokaa, akawafunga wachezaji bandeji za vifundo vya miguu kabla ya mchezo, akaendesha gari la timu, kisha mchezo ukiisha akakaa kuandika taarifa ya kupeleka kwa magazeti. Alifundisha pia mpira wa kikapu. Hakuwa na msaidizi wa kulipwa. Aliyemsaidia mazoezini alikuwa mlinzi wa usiku wa chuo, ambaye mchana alipaswa kuwa amelala.

Msimu wa kwanza timu ilishinda michezo mitatu na kupoteza mitano. Msimu wa pili, mwaka 1942, ilishinda yote tisa bila kufungwa hata pointi moja. Mchezo huu si kama soka, ambako timu inaweza kumaliza wiki kadhaa bila nyavu zake kutikiswa. Katika mpira wa Kimarekani kuna njia nyingi za kupata pointi, na hata timu dhaifu huambulia chochote. Kumaliza msimu mzima na sifuri upande wa pili ni jambo ambalo makocha wengi wakubwa hawajawahi kulifikia.

Je, ni kweli kwamba aliipeleka timu nzima kuchuma pamba?

Ndivyo inavyosimuliwa, na mwenyewe aliizungumzia habari hiyo. Baadhi ya wachezaji walikuwa watoto wa wakulima, na msimu wa mpira huanguka wakati uleule wa mavuno. Baba mmoja alipowazuia vijana wake kwenda kucheza mpaka pamba iishe shambani, Robinson hakubishana naye. Aliwapakia wachezaji wengine kwenye gari, wakaenda wakainama mashambani pamoja mpaka pamba ikaisha, kisha wakarudi na vijana wao.

Kisa hiki huelezwa kama mfano wa ujanja wa kocha. Mimi nakiona zaidi kama kielelezo cha mtu aliyetoka katika nyumba ya namna hiyo. Mtoto wa mkulima wa kugawana mavuno alijua fika kwamba yule baba hakuwa mkaidi. Pamba ikibaki shambani, deni la mwenye ardhi lingebaki pia.

Alifundisha miaka 57 au misimu 55?

Majibu yote mawili ni sahihi. Kuanzia 1941 hadi 1997 ni miaka 57 ya ajira, lakini mwaka 1943 na 1944 chuo hakikuwa na timu kwa sababu vita vya pili vya dunia viliwachukua vijana. Katika kipindi hicho Robinson alifundisha timu ya shule ya sekondari ya hapohapo Grambling. Kwa hiyo misimu ya chuo ni 55. Ndani yake kuna misimu 27 mfululizo, kati ya 1960 na 1986, ambayo kila mmoja timu ilimaliza ikiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Kuna pia ubingwa 17 wa shirikisho la vyuo vya kusini-magharibi, ambalo Grambling ilijiunga nalo mwishoni mwa miaka ya 1950.

Timu ilisafirije wakati wa ubaguzi wa rangi?

Kwa basi, na kwa mkate. Hilo la mkate si mzaha. Katika barabara za Louisiana, Mississippi, Alabama na Texas, mikahawa mingi haikumhudumia mtu Mweusi, au ilimhudumia kupitia dirisha la nyuma, na hoteli nyingi hazikumpokea kabisa. Basi la vijana arobaini wenye njaa haliwezi kusimama kando ya njia na kubahatisha. Kwa hiyo kabla ya safari chakula kilitayarishwa chuoni: mikate ilipangwa, ikawekwa nyama, ikafungwa na kupakiwa pamoja na kofia za kuchezea. Robinson mwenyewe alishika kisu na kuwatengenezea. Usiku walilala katika mabweni au kumbi za mazoezi za vyuo vya wenzao Weusi.

Msomaji wa leo anaweza kusoma orodha ya matokeo ya miaka ile na kuona mchezo wa ugenini kama mstari mmoja tu kati ya mingi. Nyuma ya mstari huo palikuwa na mtu aliyepanga ni kituo gani cha mafuta kitawaruhusu vijana wake kutumia choo.

Chuo kidogo namna hiyo kilijulikanaje nchi nzima?

Hapa lazima litajwe jina la Collie Nicholson, ambaye kuanzia mwaka 1948 alikuwa mwandishi na msemaji wa michezo wa Grambling. Aliandika habari za timu bila kuchoka na kuzituma kwa magazeti ya Wamarekani Weusi katika miji mbalimbali, kiasi kwamba mfanyakazi wa kiwanda huko Chicago aliyekuwa amehama kutoka kusini aliweza kufuatilia Grambling kila wiki. Baadaye timu ilianza kuwafuata mashabiki hao mahali walipo. Mwaka 1968 ilicheza na Morgan State katika uwanja wa Yankee, New York, mbele ya watu zaidi ya 60,000. Ilifungwa 9-7, lakini safari za miji mikubwa ziliendelea. Mwaka 1976 timu hizohizo mbili zilikwenda kucheza Tokyo, Japani, na safari hii Grambling ikashinda. Kuanzia mwaka 1974 mchezo wa kila mwaka dhidi ya Southern, mahasimu wao wa Baton Rouge, ukawa unachezwa New Orleans kwa jina la Bayou Classic, na hadi sasa ndio mchezo unaokusanya familia, bendi na wahitimu wa vyuo vyote viwili.

Bendi nayo ilikuwa nusu ya sherehe. Wapo waliokata tiketi kwa ajili ya muziki wa mapumziko, na Robinson hakuona aibu kulikubali hilo.

Wachezaji wake walianzaje kuingia katika ligi ya NFL?

Wa kwanza alikuwa Paul Younger, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tank, ambaye mwaka 1949 alisajiliwa na Los Angeles Rams. Hakuna mchezaji kutoka chuo cha kihistoria cha Weusi aliyekuwa amecheza NFL kabla yake. Kabla hajaondoka, Robinson alimweleza wazi kwamba akishindwa, timu zitasema zilimchukua aliye bora kuliko wote katika vyuo vya Weusi na hakufaa, na huenda ikapita miaka mingi kabla ya mwingine kupewa nafasi. Ni mzigo mzito kumtwisha kijana. Younger aliubeba kwa misimu kumi katika ligi hiyo.

Baada yake mkondo haukukatika. Willie Davis, aliyechaguliwa mwaka 1956 katika raundi ya 15 ya usajili wa wachezaji wa vyuo, yaani karibu kusahaulika, alikuja kuwa nguzo ya ulinzi ya Green Bay Packers. Buck Buchanan mwaka 1963 alikuwa mchezaji wa kwanza kuchaguliwa katika usajili wa mwaka huo wa AFL, ligi iliyoshindana na NFL wakati huo, na timu iliyomchagua ilihamia Kansas City mwaka huohuo. Hao wawili, pamoja na Willie Brown na Charlie Joiner, wote wameingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mpira wa kulipwa. Kwa jumla zaidi ya wachezaji 200 wa Robinson walifika katika timu za kulipwa. Ikumbukwe kwamba mji wa Grambling wote ni wa watu elfu chache tu.

Kwa nini habari ya makwotabeki Weusi ina uzito wa pekee katika kazi yake?

Kwa muda mrefu timu za kulipwa zilimpokea mchezaji Mweusi mradi akimbie, akabe au asukumane. Nafasi ya kwotabeki ilikuwa jambo jingine. Fikra iliyotawala, ambayo mara nyingi haikusemwa kwa sauti lakini ilionekana katika kila usajili, ni kwamba nafasi hiyo inahitaji akili na uongozi, na kwamba Mweusi hana hivyo viwili kwa kiwango cha kutosha. Kijana aliyekuwa kwotabeki hodari chuoni alipofika kwenye timu ya kulipwa aliambiwa abadilishe nafasi, akawe mpokeaji au mlinzi. Aliyekataa alirudi nyumbani.

Robinson aliamua kumwandaa mtu ambaye hataweza kukataliwa kwa kisingizio chochote. Mtu huyo alikuwa James Harris, kijana wa Monroe, mji ulio jirani na Grambling. Alimfundisha kusoma ulinzi wa mpinzani na kutupa mpira akiwa amesimama ndani ya ngome ya wachezaji wake, kama zinavyofanya timu za kulipwa, na akamsisitiza asikubali kubadilishiwa nafasi. Mwaka 1969 Buffalo Bills walimchagua Harris katika raundi ya nane, na akaanza mchezo wa kwanza wa msimu kama kwotabeki, jambo ambalo halikuwa limempata Mweusi yeyote katika zama hizo. Mwishoni mwa mwaka 1974, akiwa na Rams, aliongoza timu yake kushinda mchezo wa mtoano, na hapo pia alikuwa wa kwanza.

Kisha akaja Doug Williams, wa mji wa Zachary. Mwaka 1978 Tampa Bay walitaka kumfahamu vizuri kabla ya usajili, wakamtuma kocha wao msaidizi, Joe Gibbs, kwenda Grambling kumtazama kwa karibu. Gibbs alikaa huko, akazungumza naye, akamfuata hata darasani alikokuwa akifanya mazoezi ya kufundisha wanafunzi, akarudi na taarifa nzuri. Williams alichaguliwa wa 17. Njia yake haikuwa laini: aligombana na timu kuhusu mshahara, akaenda ligi nyingine iliyokuja kufa, akarudi NFL kama mchezaji wa akiba huko Washington, ambako kocha mkuu sasa alikuwa Gibbs yuleyule.

Tarehe 31 Januari 1988, mjini San Diego, Williams alianza fainali ya Super Bowl dhidi ya Denver Broncos, kwotabeki wa kwanza Mweusi kufanya hivyo. Baada ya robo ya kwanza Washington walikuwa nyuma 10-0, na Williams alikuwa ameumia goti kidogo. Katika robo ya pili Washington walipata pointi 35. Williams alitupa pasi nne za kufunga katika robo hiyo moja, na mchezo ukaisha 42-10 yeye akiwa mchezaji bora wa fainali. Williams amesimulia kwamba kocha wake wa zamani alimfananishia siku ile na usiku ambao bondia Mweusi Joe Louis alimwangusha Mjerumani Max Schmeling. Robinson alikuwa na umri wa miaka 19 Louis alipompiga Schmeling mwaka 1938, na kwa kizazi chake hakukuwa na kipimo kingine kikubwa kuliko hicho.

Je, aliwajali wachezaji nje ya uwanja, au hayo ni maneno ya sifa tu?

Waliopita mikononi mwake hukumbuka kengele. Saa 12 asubuhi Robinson alipita katika korido za bweni la wachezaji akitikisa kengele ya ng'ombe, mlango kwa mlango, ili kila mmoja aamke, ale na kwenda darasani. Alikuwa mtu mashuhuri nchi nzima na bado aliipiga kengele ile kwa mkono wake. Aliwataka wavae tai na koti safarini, akawafundisha namna ya kukaa mezani na kujibu maswali ya waandishi. Yeye mwenyewe alirudi darasani pia, akapata shahada ya uzamili katika chuo kikuu cha Iowa mwaka 1954.

Uwanjani alikuwa mtu wa kurudia. Mpango mmoja wa shambulio ulichezwa tena na tena mpaka giza liingie, na mchezaji aliyedhani ameshaelewa ndiye aliyerudishwa mstari wa mwanzo. Wachezaji walimwita Kocha Rob, na wengi wamesema kwamba usingizini walisikia sauti yake ikiwaambia warudie.

Kwa nini hakwenda kufundisha chuo kikubwa au timu ya kulipwa?

Swali hili huulizwa kana kwamba milango ilikuwa wazi naye akakataa kuingia. Tazama miaka. Chuo cha kwanza cha ngazi ya juu kumpa Mweusi ukocha mkuu wa mpira kilikuwa Wichita State, kilichomwajiri Willie Jeffries mwaka 1979, na wakati huo Robinson alikuwa na umri wa miaka 60. Katika NFL ya zama hizi, kocha mkuu wa kwanza Mweusi, Art Shell, alipewa timu ya Raiders mwaka 1989, Robinson akiwa na miaka 70. Miaka ambayo kocha hutafutwa, yaani arobaini na hamsini, ilipita bila yeye kuwa na pa kwenda.

Hata hivyo si haki pia kumchora kama mfungwa. Alipenda kusema kwamba katika maisha yake amekuwa na kazi moja na mke mmoja, na alilisema kwa fahari. Hakuwa mtu wa kuhutubia kuhusu ubaguzi. Alizungumza mara nyingi kuhusu kuwa Mmarekani na kuhusu nafasi ambazo nchi hiyo inaweza kumpa mtu, na katika miaka ya 1960 na 1970 baadhi ya vijana walimwona mpole kupita kiasi. Mimi siwalaumu vijana hao, lakini nikitazama safari ya kutoka Younger mpaka Williams naona mtu aliyekuwa akibishana na ubaguzi kwa njia yake, taratibu, mchezaji mmoja baada ya mwingine, kwa karibu miaka arobaini.

Ni lini alivunja rekodi ya ushindi, na kwa nini baadhi ya orodha hazimweki wa kwanza?

Tarehe 5 Oktoba 1985, mjini Dallas, Grambling iliifunga Prairie View 27-7, na huo ukawa ushindi wa 324 wa Robinson. Rekodi ya awali ya 323 ilikuwa ya Bear Bryant, kocha wa chuo kikuu cha Alabama. Wapo walionung'unika kwamba ushindi dhidi ya vyuo vidogo haulingani na ule wa Bryant. Hoja hiyo ina upungufu ulio wazi: Robinson hakuchagua kutocheza na vyuo vikubwa vya kusini. Alabama yenyewe haikuchezesha Mweusi katika timu yake kubwa mpaka mwaka 1971.

Ushindi wa 400 ulikuja Oktoba 1995 dhidi ya Mississippi Valley State, na hakuna kocha wa chuo aliyewahi kufika hapo kabla yake. Baada ya Robinson kustaafu, John Gagliardi wa chuo cha Saint John's, Minnesota, alimpita mwaka 2003 na hatimaye akamaliza na 489, ingawa sehemu kubwa kabisa ya ushindi huo ilikuwa katika daraja la chini. Joe Paterno wa Penn State alifikisha 409 mwezi Oktoba 2011. Mwaka uliofuata shirikisho la michezo ya vyuo lilimfutia ushindi 111 kutokana na kashfa ya msaidizi wake wa zamani aliyewadhulumu watoto kingono, kisha mwezi Januari 2015 likamrudishia. Ndiyo maana kitabu kilichochapwa mwaka 2013 na kilichochapwa 2016 vinaweza kutofautiana, na vyote vikawa vilikuwa sahihi siku vilipotoka.

Timu yake ilianza kudhoofika lini, na kwa sababu gani?

Kwa juu juu jibu ni mwaka 1995. Mwaka 1994 Grambling ilikuwa bado miongoni mwa mabingwa wa shirikisho lake. Mwaka uliofuata ilishinda mitano na kupoteza sita, kisha 1996 na 1997 ikashinda mitatu mitatu na kupoteza minane minane. Kocha alikuwa na umri wa miaka zaidi ya 75, na wapo waliosema kwa haki kabisa kwamba alikaa mno.

Lakini mzizi wake ulianza zamani, na ulianzia karibu na nyumbani kwake. Chuo kikubwa cha jimbo, Louisiana State, kiko Baton Rouge, mji aliokulia Robinson. Yeye mwenyewe alipokuwa kijana hakuweza kukichezea, na wala Buchanan, Davis au Harris hawakuwa na njia ya kucheza kusini mwa nchi isipokuwa katika vyuo vya Weusi. Louisiana State ilianza kuwasajili Weusi katika timu ya mpira mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tangu hapo kijana mwenye kipaji wa Monroe au Zachary alitembelewa nyumbani na makocha wenye viwanja vya makumi ya maelfu ya watu, mchezo kwenye televisheni kila Jumamosi, na vyumba vya mazoezi ambavyo Grambling isingeweza kuvijenga kwa bajeti ya miaka kumi.

Kwa hiyo jambo alilolitamani maisha yake yote, kwamba mchezaji Mweusi aruhusiwe kwenda popote, ndilo lililompunguzia timu. Kila alipothibitisha kwamba wachezaji wake wanaweza, aliwapa wenye fedha sababu nyingine ya kuja kumchukulia wanaofuata. Sijaona mahali alipolalamika kuhusu hilo.

Aliondokaje?

Si kwa utulivu aliostahili. Msimu wa 1996 ulipoisha vibaya, uongozi wa chuo ulitaka astaafu mara moja. Habari ilipotoka nje, wahitimu, wachezaji wa zamani na hata gavana wa Louisiana waliingilia, na akapewa msimu mmoja wa kuaga. Kila mji uliompokea mwaka 1997 ulimpa zawadi kabla ya mchezo, na mara nyingi ukamfunga baada ya zawadi. Mchezo wa mwisho ulikuwa Bayou Classic ya tarehe 29 Novemba 1997 huko New Orleans, na Southern ilishinda 30-7. Nafasi yake ilichukuliwa na Doug Williams.

Miaka yake ya mwisho ilitawaliwa na ugonjwa wa Alzheimer's. Alipofariki, jeneza lake liliwekwa katika jengo la bunge la jimbo huko Baton Rouge ili watu wapite kumuaga.

Mtu akitaka kuona kumbukumbu zake leo aende wapi?

Aende Grambling kwenyewe. Uwanja wa chuo, uliofunguliwa mwaka 1983, una jina lake, na tangu mwaka 2010 kuna jumba la makumbusho la Eddie G. Robinson ndani ya eneo la chuo, katika jengo ambalo zamani lilikuwa ukumbi wa mazoezi wa wanawake. Tangu mwaka 1987 ipo pia tuzo yenye jina lake, ambayo hutolewa kila mwaka kwa kocha bora wa daraja ambalo Grambling hucheza.